Mzunguko wa baiskeli Nachingwea, Ruangwa na Ndanda: kupanga safari kwa kipimo cha mwili

Katika kliniki za shinikizo la damu na kisukari, ushauri wa kufanya mazoezi hutolewa kila siku, na mara nyingi hutolewa kwa sentensi moja: "Ujitahidi kufanya mazoezi." Mgonjwa hurudi nyumbani asijue ni mazoezi gani, ya muda gani, wala aanzie wapi. Kwa mkazi wa Nachingwea au Ruangwa, mara nyingi jibu limeegemezwa ukutani mwa nyumba yake. Baiskeli inayopeleka gunia la mbaazi sokoni na kumleta mtoto zahanati ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuutunza moyo wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamshauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi mazito. Nusu saa ya kupiga pedali kwa siku tano inatosha kufikia kiwango cha chini cha ushauri huo.

Wapo, hata hivyo, wanaotaka zaidi ya hapo: watumishi wa afya wenye nguvu za ujana, walimu na wanafunzi wakati wa likizo, na wagonjwa ambao hali zao zimetulia na wanatamani kujipima kwa safari ndefu yenye vilima na misitu. Makala haya yameandikwa kwa ajili yao. Hoja yake ni moja. Mzunguko una tabia ambayo safari ya kwenda na kurudi haina: ukishaipita nusu yake, njia fupi ya kufika nyumbani ni kuendelea mbele, hata kama mwili umekwisha kuchoka. Kwa sababu hiyo mzunguko haupangwi kwa kilomita kwanza. Hupangwa kwa saa za jua, maji, afya ya msafiri, na mahali ambapo mtu anaweza kuacha safari kwa usalama. Kilomita huja mwisho.

Nchi yenyewe

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa zimo katika Mkoa wa Lindi. Kaskazini mwake Mto Mbwemkuru unaelekea Bahari ya Hindi, na kusini Mto Lukuledi unateremka kupitia upande wa Masasi na Ndanda hadi Lindi. Katikati ya mabonde ya mito hiyo ardhi inapanda na kushuka bila kutulia. Upande wa Masasi vimesimama vilima vya mawe vinavyochomoza peke yake juu ya tambarare, na juu ya Ndanda unainuka ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde.

Misitu ya eneo hili kwa sehemu kubwa ni ya miombo, yenye miti kama mninga na mpingo. Msafiri anayeitazama ramani na kuona rangi ya kijani hudhani atapata kivuli njia nzima. Miombo, hata hivyo, hupukutisha majani yake wakati wa kiangazi. Mwezi wa Agosti na Septemba mtu anaweza kupita kilomita nyingi za msitu bila kupata kivuli cha kumtosha. Majani mapya, mengi yakiwa ya rangi nyekundu, huchipua kabla ya mvua, wakati ambapo joto limekwisha kupanda. Kivuli cha uhakika zaidi wakati huo ni cha mikorosho na miembe ya vijijini, kwa kuwa miti hiyo haibaki mitupu. Hivyo basi, mapumziko yapangwe vijijini, si msituni.

Nachingwea inalo fundisho la zamani kuhusu kupanga kwa ramani peke yake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, ukikusudia zaidi ya ekari milioni 3. Reli ilijengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Udongo, mvua na visiki havikufuata hesabu zilizopigwa mezani, na mwaka 1951 mpango huo ukaachwa. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo kata ya Stesheni inabaki na jina lake. Mwendesha baiskeli hana ekari milioni tatu za kupoteza, lakini kosa linaweza kuwa lile lile: kuamini karatasi kabla ya kuuliza udongo na wenyeji.

Njia na mgawanyo wa siku

Mzunguko unaopendekezwa una pembe nne: Nachingwea, Ruangwa, Ndanda na Masasi. Kutoka Nachingwea hadi Ruangwa ni takribani kilomita 53. Kutoka Ruangwa hadi Nanganga, kwenye barabara kuu ya Mtwara na Masasi, ni takribani kilomita 53 nyingine. Kutoka Nanganga, sehemu fupi ya lami inafika Ndanda, na kutoka Ndanda hadi Masasi ni kama kilomita 40. Kutoka Masasi kurudi Nachingwea ni kilomita 45. Jumla inazidi kidogo kilomita 200.

Uzuri wa njia hii kwa mtu anayejali afya yake ni kwamba kila pembe ina hospitali. Nachingwea na Ruangwa zina hospitali za wilaya. Ndanda ina hospitali iliyokua kutokana na misheni ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1906. Masasi ina Hospitali ya Mkomaindo. Aidha, ndani ya Wilaya ya Nachingwea ipo hospitali ya misheni ya Mnero, alikofanya kazi kwa miaka mingi Dkt. Leader Stirling, daktari wa upasuaji aliyefika nchini mwaka 1935 akaanzia Lulindi, karibu na Masasi, na baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia mwaka 1975 hadi 1980.

Kwa mtu mwenye afya njema na mazoezi ya kutosha, siku nne zinafaa. Siku ya kwanza, Nachingwea hadi Ruangwa. Siku ya pili, Ruangwa hadi Ndanda kupitia Nanganga, nayo ndiyo ndefu kuliko zote, kati ya kilomita 65 na 70. Siku ya tatu, Ndanda hadi Masasi, ambayo ni fupi lakini inapanda kwa kuwa inalifuata bonde la Lukuledi kuelekea juu. Siku ya nne, Masasi hadi Nachingwea.

Mwelekeo huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu zenye vijiji vilivyotawanyika na magari machache zinapitwa mwanzoni, mwili ukiwa bado mpya. Lami, yenye usafiri wa haraka wa kumrudisha aliyechoka, inakuja baadaye. Pili, kati ya Juni na Septemba upepo wa kusi huvuma kutoka kusini-mashariki. Msafiri ataukabili usoni kati ya Ruangwa na Nanganga, lakini kwa bahati ndiko njia inakoteremka kuelekea bonde la Lukuledi. Siku ya mwisho, akitoka Masasi kwenda kaskazini, upepo huo utamsaidia kidogo mgongoni. Barabara ya Nanganga na Ruangwa imekuwa ikijengwa kwa lami katika miaka ya karibuni, na mahali penye ujenzi uso wa njia hubadilika mwezi hadi mwezi. Dereva wa lori au wa bodaboda aliyepita jana ni shahidi bora kuliko ramani yoyote.

Saa, si kilomita

Juu ya udongo wenye vilima, baiskeli ya kawaida yenye mzigo mdogo huenda kilomita 10 hadi 12 kwa saa. Kwa hesabu hiyo kilomita 53 ni kama saa tano za kupiga pedali, na saa moja zaidi ya mapumziko. Mwezi wa Julai jua huchomoza baada ya saa 12 na nusu asubuhi. Anayeondoka Nachingwea kunapopambazuka atafika Ruangwa karibu saa 7 mchana, kabla ya saa 8 na saa 9 ambapo joto huwa kali zaidi. Anayeondoka saa 3 asubuhi atakuwa juu ya vilima katika saa hizo hizo. Umbali ni ule ule, lakini kwa mwili safari hizo mbili ni tofauti kabisa.

Sababu yake iko katika misuli. Karibu robo tatu ya nishati inayotumiwa na misuli hugeuka kuwa joto, na ni robo tu inayosukuma pedali. Mtu na baiskeli yake wakiwa na uzito wa kilo 95, kupanda kilima cha mita 100 kwa dakika 10 kunadai wati 155 hivi kwenye pedali, kiasi ambacho wengi hawawezi kukihimili kwa muda mrefu. Mlimani mwendo ni mdogo, kwa hiyo hakuna upepo wa kuikausha ngozi. Mwili unazalisha joto jingi zaidi pale pale ambapo unapoozwa kidogo zaidi. Kushuka na kuisukuma baiskeli si aibu. Ni kuuchagua muda mrefu zaidi badala ya joto zaidi.

Kuhusu majira, mvua za ukanda huu hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Wakati huo udongo mweusi wa mabondeni hunata kwenye tairi hadi gurudumu lisigeuke. Juni hadi Agosti ndiyo miezi inayofaa zaidi. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, joto ni kali na mzunguko huu haufai kwa mtu asiyezoea. Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 za mazoezi ya taratibu katika joto ili ujifunze kutoa jasho vizuri, na mgeni kutoka mikoa ya baridi asizipuuze siku hizo.

Pembe za uamuzi

Katika kila pembe, na katikati ya kila siku, msafiri asimame na ajiulize maswali matano kabla ya kuendelea. Je, nimekojoa katika saa nne zilizopita, na mkojo una rangi ya maji ya ndimu au ya chai? Je, ninaweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi? Je, nina hamu ya kula? Je, breki, mnyororo na tairi viko sawa? Je, muda uliobaki kabla ya saa 12 jioni unazidi kwa saa mbili muda ninaouhitaji kufika?

Jibu moja baya linamtaka apumzike hadi libadilike. Majibu mawili mabaya yanamtaka aiache safari ya siku hiyo, apande basi au gari pamoja na baiskeli yake. Kanuni hii iandikwe kwenye karatasi kabla ya safari na ikubaliwe na wote wanaosafiri pamoja, kwa kuwa mtu aliyechoka hujihesabia haki kwa ujuzi mkubwa. Pia mtu mmoja nyumbani apewe ratiba, na afahamu la kufanya iwapo simu haikupigwa kabla ya jua kuzama.

Maji, chumvi na chakula

Katika joto na vilima, mtu hupoteza kati ya nusu lita na lita moja ya jasho kwa saa, na wengine zaidi. Kwa saa tano hiyo ni lita mbili na nusu hadi tano, uzito ambao si busara kuubeba wote tangu asubuhi. Abebe lita mbili na apange vijiji vitatu vya kujaza tena. Maji ya kisima au bomba ambayo hayana uhakika yachemshwe usiku uliotangulia au yatiwe kidonge cha klorini na kusubiriwa nusu saa.

Njia rahisi ya kujua kiasi kinachomfaa mtu ni mizani. Ajipime kabla na baada ya zoezi la saa mbili. Mtu wa kilo 60 aliyepungua zaidi ya kilo moja na robo amekunywa kidogo mno. Aliyeongezeka uzito amekunywa kupita kiasi, na hilo nalo ni hatari: maji matupu mengi huipunguza chumvi katika damu, yakaleta kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa na hata degedege. Dawa yake si maji zaidi. Kwa safari inayozidi saa mbili, chupa moja kati ya tatu iwe na maji ya chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini: pakiti moja katika lita moja, au vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Kwa zoezi la chini ya saa moja maji ya kawaida yanatosha, na mwenye shinikizo la damu hana haja ya kujiongezea chumvi.

Chakula cha kupandia vilima ni cha wanga: gramu 30 hadi 60 kwa saa. Ndizi mbivu moja ina gramu 25 hivi, na viazi vitamu vilivyochemshwa, muhogo na mkate navyo vinafaa. Karanga na korosho, fahari ya ukanda huu, zina mafuta mengi na humeng'enywa polepole. Ni chakula kizuri cha jioni, si cha mlimani.

Mwenye maradhi ya kudumu

Ugonjwa wa kudumu haumfungii mtu baiskeli. Humtaka apange kwa uangalifu zaidi, na azungumze na mhudumu wake wa afya wiki kadhaa kabla ya safari.

Mwenye shinikizo la damu asianze mazoezi mazito ikiwa kipimo chake ni 180 kwa 110 au zaidi. Kwanza kitulizwe. Anayetumia dawa za kuongeza mkojo hupoteza maji na chumvi haraka zaidi katika joto. Anayetumia atenololi, propranololi au bisoprololi hawezi kuyategemea mapigo ya moyo kama kipimo cha juhudi, kwa kuwa dawa hizo huyazuia yasipande. Atumie kipimo cha mazungumzo: akiweza kuongea lakini asiweze kuimba, juhudi ni ya wastani. Asiache dawa kwa sababu ya safari. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi isiyorudi baada ya kupumzika ni amri ya kusimama na kutafuta huduma siku hiyo hiyo.

Mwenye kisukari anayetumia insulini, glibenklamidi au gliklazidi yuko katika hatari ya kushukiwa na sukari. Apime kabla ya kuondoka. Ikiwa chini ya 5, ale wanga kwanza. Ikiwa juu ya 14 na anajisikia vibaya, asiondoke. Njiani, akitetemeka, akitoka jasho baridi au kuchanganyikiwa, asimame, anywe au ale gramu 15 hadi 20 za sukari, yaani vijiko vidogo vinne hivi, na apime tena baada ya dakika 15. Insulini isidungwe kwenye paja linalopiga pedali, kwa kuwa hunyonywa haraka, na isiachwe ndani ya mkoba mweusi juani. Sukari inaweza kushuka hata usiku baada ya safari, hivyo asilale bila kula. Viatu viwe vya kufunika mguu, na nyayo zikaguliwe kila jioni. Mabadiliko ya dozi yaamuliwe na daktari wake.

Mwenye pumu abebe kipulizi chake cha salbutamoli mfukoni, si ndani ya mzigo. Katika ukanda wa korosho ipo hatari ambayo vitabu vya mijini huisahau. Kati ya Juni na Septemba wakulima hupuliza unga wa salfa ili kuikinga mikorosho na ubwiriunga, na hufanya hivyo alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Saa ile inayomfaa mwendesha baiskeli ndiyo saa salfa inapoelea shambani. Unga huo huwasha macho na kubana kifua. Auonaye wingu la njano mbele asubiri lipite au azunguke, na mwenye pumu aulize ratiba ya upulizaji katika kijiji anacholala.

Mwenye ugonjwa wa selimundu asiufanye mzunguko huu. Uchovu mkubwa, joto na upungufu wa maji ndivyo vinavyochochea maumivu makali ya ugonjwa huo. Safari fupi za tambarare, asubuhi, zenye maji mengi na mapumziko kabla ya kuchoka zinamfaa. Mwenye kifafa asiendeshe peke yake wala kwenye barabara yenye magari hadi daktari amruhusu.

Hatari za njiani

Kiharusi cha joto ni dharura. Mtu mwenye mwili wa moto sana anayeongea ovyo, kuyumba au kuzimia apoozwe kwanza, asafirishwe baadaye. Awekwe kivulini, avuliwe nguo za juu, amwagiwe maji mwili mzima na apepewe bila kukoma hadi fahamu zirudi. Kisha apelekwe hospitali, akiendelea kupoozwa njiani. Asinyweshwe kitu akiwa hana fahamu.

Aliyeumwa na nyoka asikatwe, asifungwe kamba ya kuzuia damu, wala asiendeshe baiskeli. Kiungo kilichoumwa kitulizwe kwa gango na apelekwe hospitali kwa pikipiki au gari. Mbung'o, ambao huweza kueneza malale, huvutwa na nguo za buluu nzito na nyeusi, hivyo kahawia isiyokolea na rangi ya mchanga ni bora. Tembo huingia mashambani katika baadhi ya vijiji vya wilaya hizi, hasa giza likiwa limeingia. Wenyeji na askari wa wanyamapori waulizwe jioni kuhusu njia ya kesho, na asipite mtu msituni gizani. Alale ndani ya chandarua.

Barabarani adui mkubwa ni chombo cha moto. Kofia ngumu, kioo cha kuakisi mwanga nyuma, nguo ya rangi inayoonekana, na kuendesha kwa msitari mmoja vinapunguza hatari. Kwenye mteremko breki zijaribiwe juu, kabla ya kuhitajika chini. Viraka, solusheni, pampu na tyubu ya akiba vibebwe na kila kundi.

Kwa mtumishi wa huduma za mkoba

Wapo wasomaji ambao mzunguko kwao ni kazi, si burudani. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii au muuguzi wa zahanati anayezunguka vijiji vitatu kwa baiskeli anatawaliwa na kanuni zile zile, na zaidi ya hizo anabeba chanjo. Kibebeo cha chanjo kinatakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8. Barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye jokofu la kugandisha inaweza kuziharibu chanjo zisizostahimili kuganda, kama ile ya pentavalenti. Kwa hiyo iachwe nje hadi ianze kuyeyuka na maji yasikike ndani inapotikiswa.

Mzunguko wa kazi upangwe ili kijiji chenye watoto wengi kifikiwe kwanza, barafu ikiwa bado na nguvu na mtumishi akiwa bado hajachoka. Kibebeo kifungwe kwenye karia kwa mpira wa tyubu juu ya kitambaa kilichokunjwa, kifunikwe kwa kitambaa cheupe, na kisifunguliwe njiani. Kilima kirefu zaidi kiwekwe asubuhi hata kama kuanza nacho kunaongeza kilomita mbili. Msimamizi anayepanga ratiba aikubali hesabu hii. Kumtaka mtumishi arudi na barafu na nguvu zote baada ya saa 8 mchana ni kumtaka achague kati ya chanjo na afya yake.

Maandalizi

Anayeanza leo ajipe wiki nane. Wiki mbili za kwanza, nusu saa kwa siku kwenye njia tambarare, siku tano kwa juma. Wiki ya tatu hadi ya tano, aongeze kilima kimoja na siku moja ya saa mbili. Wiki ya sita na ya saba, siku moja ya saa nne kutoka mjini kwenda kijijini na kurudi, akiwa na mzigo ule ule atakaoubeba, na ajipime uzito kabla na baada. Wiki ya nane apumzike na kuzikagua breki na tairi pamoja na fundi.

Asiyeweza kumaliza siku ya saa nne bila kuumwa hajashindwa. Amepata taarifa yenye thamani karibu na nyumbani, mahali ambapo kurudi bado kunawezekana. Anaweza kubaki na nusu saa yake ya kila siku, ambayo kwa moyo na sukari yake ina faida kubwa kuliko safari moja ya mwaka. Daktari au muuguzi atakayeulizwa kuhusu mzunguko huu asijibu kwa ndiyo au hapana tu. Achukue karatasi, aandike pamoja na mgonjwa saa ya kuondoka, mahali pa maji, dawa na muda wake, na pembe za kuachia safari. Ushauri wa mazoezi ulioandikwa hivyo mgonjwa ataweza kuufuata.